Mwanafunzi Bora Aliyekwenda Chooni Mara Nne

Mwaka ule nilimpa zawadi ya nidhamu: kaunta buku moja, kalamu mbili na makofi ya darasa zima. Nilisema mbele ya wenzake 77, "Mngekuwa wote kama huyu, mimi ningezeeka taratibu." Wakacheka. Yeye hakucheka. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akarudi kwenye dawati lake la karibu na mlango. Ilikuwa Machi. Kufika mwisho wa Mei nilikuwa nimeshajua kwamba karibu kila nilichomsifia kilikuwa dalili.

Nitamwita Zuhura, jina ambalo halikuwamo katika daftari letu la mahudhurio mwaka ule, na nimebadilisha mambo mawili matatu ya kwao ili asijulikane. Alikuwa na miaka 10, yuko Darasa la Nne katika shule ya msingi ya serikali mjini Tanga. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa darasa, na pia mwalimu wa malezi na unasihi wa shule nzima. Kwa asiyekijua cheo hicho, maana yake ni kwamba unafundisha vipindi vyako vyote kama kawaida, halafu mtoto yeyote akilia analetwa kwako.

Tumbo

Malalamiko yalianza na tumbo. Jumatatu moja ya mwanzo wa Februari aliletwa na mwenzake kabla ya mstari wa asubuhi, amejishika kitovu, midomo imekauka. "Tumbo linanikata, mwalimu." Nikampa ruhusa akarudi nyumbani. Jumatatu iliyofuata hakuja kabisa.

Bibi yake, aliyekuwa akimlea, alimpeleka kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, lakini akapewa dawa mseto hivyo hivyo, maana "wadudu wakati mwingine wanajificha". Baada ya wiki mbili akapimwa homa ya matumbo kwa kipimo cha Widal, ambacho katika nchi kama yetu kinaweza kumtia hatiani hata mtu mwenye afya yake. Akanywa vidonge. Kisha mkojo, na kwa kuwa alikuwa akienda chooni mno ikasemwa ni UTI. Kisha dawa ya minyoo. Kwa mwendo huo, mtoto wa miaka 10 alipata matibabu ya maradhi manne ndani ya muhula mmoja, na tumbo likawa palepale.

Sisemi kupima ni kosa. Mtoto wa Tanga akilalamika tumbo, anza na kupima. Malaria ipo, kichocho kipo, na wala hofu haimkingi mtu na minyoo. Kosa letu lilikuwa kwamba katika safari zote hizo hakuna mtu mzima aliyeuliza swali la bure kabisa: linauma saa ngapi, siku gani, na linaacha lini?

Nililiuliza mimi, na sikumuuliza mtu. Nililiuliza daftari la mahudhurio. Daftari lile tunalijaza kila asubuhi kwa ajili ya mkaguzi, halafu hakuna anayelisoma. Nilikaa nalo Ijumaa moja mchana baada ya watoto kutawanyika, nikahesabu. Tangu Januari mpaka wiki ya pili ya Mei Zuhura alikosa siku 14. Tisa zilikuwa Jumatatu. Tatu zilikuwa siku za kufungua baada ya mapumziko au sikukuu. Zilibaki mbili tu ambazo huenda aliumwa kama watu wengine wanavyoumwa. Hakukuwa na Ijumaa hata moja.

Malaria haijui Jumatatu.

Nadharia yangu nzuri iliyokufa

Kwa kuwa Jumatatu kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati, nilidhani nimemaliza kazi. Mwenzangu wa hisabati alianza wiki kwa hesabu za kichwa: anauliza saba mara nane, anakunyooshea kidole, na fimbo iko mezani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, kwamba mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au yule aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Katika miaka yangu ya kazi nimekiona kitabu hicho kikiwa safi kama kilivyotoka dukani, na watoto wakiwa na alama mikononi. Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa tayari: mtoto anaogopa fimbo.

Bahati ikaniumbua. Mwenzangu akaitwa semina ya wiki mbili, na vipindi vyake vya Jumatatu nikavichukua mimi. Hakuna hesabu, hakuna fimbo, tulisoma hadithi. Jumatatu ya kwanza Zuhura akaja na tumbo lake. Ya pili hakuja.

Siiondolei fimbo lawama hapa. Darasani mwangu wamo ambao matumbo yao yalikata kwa sababu yake, na mmoja wao, mvulana wa dawati la nyuma, hofu yake ilitoka kwa njia ya ngumi: alikuwa akianzisha ugomvi dakika chache kabla ya hesabu za kichwa, atolewe nje. Tulimwita mkorofi mwaka mzima. Lakini kisa cha Zuhura kilikuwa kingine, na kama semina ile isingekuwepo ningeandika ripoti nzuri yenye jibu la uongo.

Kwenye michongoma

Kilichobaki mkononi ni choo. Alikuwa akiomba ruhusa mara nne kabla ya uji wa saa nne, kwa adabu, kidole juu, "Mwalimu, naomba kutoka." UTI ilikuwa imeshatibiwa. Siku moja nilimwachia darasa kiranja, nikamfuata Zuhura kwa mbali.

Hakuingia chooni. Alipita nyuma ya vyoo, pale ua wa michongoma ulipokatika kidogo, akasimama akishika tawi. Hapo unaiona barabara ya vumbi, na mwisho wa barabara bati jekundu la nyumba moja. Aliangalia kama muda wa kuhesabu mpaka 20, akageuka, akanikuta.

"Choo si kiko huku?"

Kimya. Akaanza kutetemeka midomo. Nikajikumbusha nisisimame juu yake kama mnara, nikachuchumaa.

"Unaangalia nini, mwanangu?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Kuna nini nyumbani?"

"Hamna kitu."

"Tumbo likianza, unasikiaje?"

Alifikiri sana. "Kama vile nimesahau kitu nyumbani."

"Umesahau nini?"

"Sijui, mwalimu. Kitu tu."

Nimesoma maelezo mengi ya vitabuni kuhusu wasiwasi wa watoto, na sijaona yanayoipita sentensi hiyo.

Yaliyosemwa barazani

Jumamosi nilikwenda kwao. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, mtoto kafanya nini?" Hivyo ndivyo anavyopokewa mwalimu akibisha hodi: mtoto lazima awe amefanya jambo. Nilipomwambia hajafanya lolote baya, bibi alishusha pumzi, akamwita mama mdogo wa mtoto, na chai ikaja.

Habari ilitoka vipande vipande. Mama mzazi yuko Omani, Maskati, anafanya kazi za ndani. Aliondoka Zuhura akiwa Darasa la Pili. Ili mtoto asilie, walikubaliana asiagwe. Asubuhi ile mama alimfunga vifungo vya shati, akampa pesa ya mihogo, akamwambia "utanikuta". Mtoto aliporudi mchana alikuta kanga za mama zimekunjwa kitandani.

Kisha Novemba ya mwaka uliopita, siku ya Jumatatu, bibi alidondoka uani akiosha vyombo. Presha. Majirani wakampakia kwenye bajaji wakampeleka hospitali. Katika hekaheka zile hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtoto shule. Zuhura alirudi akakuta mlango una kufuli. Alikaa barazani mpaka magharibi, mama mdogo alipotoka kazini. Alipouliza, akaambiwa bibi kaenda harusini Pangani. Bibi akarudi baada ya siku mbili na plasta ya dripu bado iko mkononi. Harusi hiyo haikuzungumzwa tena.

Mama mdogo akaongeza jambo ambalo kituo cha afya hakikulipata. Mwezi Aprili walimpeleka mtoto kwa shehe mmoja, akaandikiwa kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Najua wasomaji wengine hapa watakunja uso. Mimi sikukunja, kwa sababu shehe yule kabla ya kushika kalamu na zafarani alimuuliza mtoto, "Unaota nini?" Akajibu, "Kufuli." Ndiye mtu mzima wa kwanza aliyeuliza swali lililogusa penyewe. Ila jibu liliishia palepale kwenye jamvi.

Basi ukiweka mambo pamoja unaona hesabu ya mtoto. Mara mbili katika maisha yake alikwenda shule vizuri tu, akarudi, mtu hayupo. Mara ya kwanza aliambiwa "utanikuta", na mara ya pili "harusini", na yote mawili hayakuwa kweli. Kwake yeye, shule ndiyo mahali unapokuwa wakati watu wako wanapotoweka, na maneno ya wakubwa hayamsaidii kujua nani yuko na nani hayuko. Inabaki kuangalia kwa macho yake. Zuhura hakuwa anakuja shule kusoma. Alikuwa yuko zamu.

Kusoma upya kaunta buku

Jioni ile nilirudi kwenye sifa nilizomwagia Machi, nikazisoma upya moja moja. Naziweka hapa kwa sababu ndizo nilizokosea, na kwa sababu mtoto wa namna hii yumo katika madarasa mengi.

Nilisema anakaa mbele, karibu na mlango, hataki kujificha nyuma. Alikaa pale apate kuona njia. Nilisema mkoba wake umefungwa vizuri wakati wote, vitabu havizagai. Ulifungwa ili akiitwa akimbie. Nilisema ni mwepesi kutumwa chaki ofisini. Kila safari ya chaki ilimpitisha penye uwazi. Nilisema kazi zake ni safi. Kwa kweli alikuwa akifuta na kuandika tena mpaka karatasi inatoboka, na mara kadhaa alimaliza zoezi asilete daftari kusahihishwa. Nilisema hana tabia ya kula hovyo hovyo. Uji wa saa nne alikuwa akimpa mwenzake kwa sababu haukupita kooni. Na kimya chake, ambacho ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote katika darasa la watoto 78, kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza kitu kingine. Bodaboda ikisimama getini aligutuka. Mtu akitokea mlangoni na simu mkononi, kalamu ilimdondoka.

Hapa ndipo ugumu ulipo kwetu. Mtoto mwenye woga na mtoto mwenye adabu wanafanana sana kwa nje: wote wanainamisha macho, wote hawaulizi, wote wanapokea kwa mikono miwili. Tumelelewa kuupenda mkao huo. Baadaye nilipojaza ile hojaji ya daktari wa akili za watoto, Robert Goodman, yenye vipengele 25 vya kupima nguvu na matatizo ya mtoto, upande wa matatizo ya hisia Zuhura alipata 8 kati ya 10, na upande wa utovu wa mwenendo akapata sifuri. Sifuri ile ndiyo iliyomficha. Mwalimu anamwona anayemsumbua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto kama wanne katika kila mia wa umri wa miaka 10 hadi 14 wana wasiwasi uliofikia kiwango cha maradhi. Kwa darasa kama langu ni watatu. Nilimjua mmoja tu, naye nilimpa zawadi.

Maneno nayo yanachangia. Lugha yetu haikosi majina ya hali hii: wasiwasi, wahka, fadhaa, jakamoyo, kuwa roho juu. Jakamoyo napenda zaidi maana unausikia moyo wenyewe ukidunda ndani ya neno. Lakini mtoto wa miaka 10 hayatumii. Ukimuuliza "una wasiwasi?" atakwambia hapana, na hasemi uongo, kwake wasiwasi ni neno la wakubwa, au ni shetani anayemnong'oneza mtu kwenye swala. Yeye ana tumbo, ana kichwa, ana "najisikia vibaya". Kwa hiyo anayemtafuta asitafute neno, atafute mwili na saa yake.

Na tumbo lile liliuma kweli. Hili nililirudia kwa mama mdogo mara tatu, maana alikuwa ameanza kusema "anajifanya". Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli ya kukimbilia, na kazi ya kusaga chakula inaachwa njiani. Utumbo unajikaza, mate yanakauka, mkojo unabana. Mwili haujali kama hatari ni simba au ni kufuli. Ndiyo maana maumivu yalianza alfajiri ya Jumatatu, baada ya siku mbili za kukaa na bibi bega kwa bega, yakaisha kila aliporuhusiwa kubaki. Na hapo pana mtego: kila tulipomrudisha nyumbani tulimpa nafuu ya papo hapo, na mwili ukajifunza kwamba dawa ya tumbo ni kutokwenda shule. Ruhusa yangu ya Februari, niliyoitoa kwa huruma, ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Kosa la kanga

Tulianza matibabu kwa kosa, tena kosa lenye nia njema. Mama mdogo alitoa wazo: bibi atundike kanga nyekundu kwenye kamba ya nguo, ionekane kutoka kwenye uwazi wa michongoma. Kanga ikiwepo, bibi mzima. Wote tuliliona wazo la busara.

Wiki ya kwanza Zuhura alikuja siku zote tano. Nilifurahi kiasi cha kumsimulia mwalimu mkuu. Wiki ya pili safari za michongomani zikapanda kutoka nne hadi saba. Alhamisi mvua ikanyesha, bibi akaianua kanga kama mtu yeyote anavyoanua nguo, na mtoto akapenya kwenye ua akakimbia mpaka nyumbani, amechanika mkono kwa miiba.

Nilichojifunza kwa miiba hiyo ni hiki: kumhakikishia mtoto mwenye wasiwasi ni kama kumkuna upele. Unapoa, halafu unawasha zaidi. Kanga haikumwambia bibi yuko salama. Ilimwambia bibi yuko salama dakika hii, kaangalie tena dakika ijayo. Tulikuwa tumeirasimisha zamu yake na kumpa bendera.

Tukakaa upya barazani, mara hii Zuhura naye yupo. Bibi alisita. Kumweleza mtoto maradhi ya mkubwa si desturi, na aliogopa kumtia simanzi. Mwishowe akasema kwa maneno yake mwenyewe: "Mjukuu wangu, siku ile sikwenda harusini. Nilianguka, nikalazwa. Nina presha. Kidonge changu hiki hapa, nakinywa kila asubuhi. Siku nikizidiwa, jirani atampigia simu mwalimu wako, na mwalimu atakwambia siku hiyohiyo, hatakuficha." Kisha akanigeukia. Nikasema, "Nitakwambia."

Ahadi hiyo ni kinyume cha kanga. Kanga ilimtaka aangalie ndipo ajue. Ahadi ilimruhusu asiangalie, kwa sababu kama hakuna aliyekuja kumwambia, basi hakuna jambo. Ila ahadi ya namna hiyo haitolewi kirahisi. Sikumwambia "bibi hatokufa". Mtoto aliyewahi kuambiwa harusi ya Pangani angeipima sentensi hiyo kwa sekunde moja na kuitupa.

Mama yake tulimpata Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Simu zake zilikuwa zikija ovyo, mara usiku wa manane, mara baada ya wiki mbili, kwa kuwa tajiri wake alishika simu siku za kazi. Tukapanga iwe kila Ijumaa saa mbili usiku za Maskati, ambayo ni saa moja kwetu, na kama haiwezekani atume hata sauti ya nusu dakika. Nilipomweleza kuhusu zile kanga zilizokunjwa, alilia. "Nilidhani namwepushia kilio, mwalimu." Kisha akaongea na mwanawe faragha, walichosema sikijui na sikuuliza.

Shuleni tulishuka kama ngazi. Wiki ya kwanza aliruhusiwa kwenda michongomani mara mbili, kwa saa tulizopatana. Ya pili mara moja. Ya tatu wakati wa mapumziko tu. Ya nne hakuna. Tumbo likikata hakurudishwa nyumbani. Alikuja kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, akakaa dakika 10, akarudi darasani. Akiwa pale alifanya kazi moja: apulize chai ya moto. Hakukuwa na chai. Alikusanya viganja kama kikombe, akavuta pumzi puani, akaitoa polepole kwa mdomo kama mtu asiyetaka chai imwagike. Pumzi ndefu ya kutoa huupunguza mwendo wa moyo. Ndiyo siri yote. Alipofika aliniambia hofu ni ngapi kati ya kumi, na alipoondoka aliniambia tena. Siku ya kwanza 9 na 8. Siku ya sita 8 na 4. Kuona nambari ikishuka bila kwenda kuangalia bati jekundu kulimfundisha kuliko hotuba zangu.

Haikuwa nyororo. Jumatatu ya kwanza ya ngazi alilia kwa sauti, na mwalimu mkuu akatoka kuniuliza kwa nini mtoto mgonjwa harudishwi kwao. Nilimweleza, akatikisa kichwa, akasema "haya, wewe ndiye mnasihi," kwa namna ya mtu anayeandaa ushahidi. Mama mdogo naye ilibidi ajifunze kuaga getini kwa maneno machache na kuondoka mbele ya macho ya mtoto. Mara mbili nilimkuta akinyemelea kuondoka Zuhura akiwa ameangalia pembeni. Mazoea hayo ni magumu kuyaacha.

Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba kama wiki nne zingepita bila badiliko, au akianza kukataa chakula kabisa, au kusema maneno ya kutaka kufa, tungekwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Bibi alipolisikia neno "akili" alishtuka: "Mirembe?" Hospitali ile ya Dodoma imekuwapo tangu zama za Waingereza, na jina lake limegeuka tusi la mtaani, kiasi kwamba mzazi ukimtajia afya ya akili anamwona mwanawe tayari amefungiwa. Nilimwambia ni kuzungumza na mtaalamu tu, hapahapa Tanga. Nikamwandikia pia 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Hatukuhitaji kwenda, ila sitaki mtu asome kisa hiki akadhani benchi na viganja vinatosha kwa kila mtoto. Zuhura alikuwa na bibi aliyekubali kusema kweli. Wapo ambao kinachowatia hofu nyumbani ni mtu, na huko mwalimu hatumii ahadi, anamwita afisa ustawi wa jamii.

Muhula wa pili alikosa siku tatu, moja tu ikiwa Jumatatu. Upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne ulipokuja, mwishoni mwa Oktoba, alikuja na tumbo lake, akapuliza chai, akaingia. Alifaulu kwa alama za kati. Mwezi uleule bibi alizidiwa usiku mmoja akalazwa, na asubuhi jirani alinipigia. Nilimwita Zuhura nje nikamwambia kama nilivyoahidi. Alinyamaza, akauliza, "Kidonge alikunywa?" Nikasema alikunywa. Akasema 7. Tukakaa kwenye benchi mpaka ikawa 5, akaomba kurudi darasani kwa kuwa walikuwa wanachora ramani.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, kiranja aliniletea karatasi ya wapiga kelele, kama anavyoileta kila siku nikitoka nje. Majina tisa. La tatu lilikuwa la Zuhura, na mbele yake kiranja ameandika "sana". Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikaendelea na kipindi.